Kuwinda elki kwenye milima yenye dubu: jibu kwa msomaji wa Missoula

Swali: "Naishi Missoula, Montana. Wenzangu wa kazini wamenialika twende kuwinda elki kwa upinde mwezi Septemba, kwenye milima ya kando ya pori la Bob Marshall, na tutalala porini siku kadhaa. Kuwinda nakujua, lakini dubu sijawahi kumwona ila kwenye picha. Mmoja wao anasema bastola inatosha. Mwingine anasema bila spreyi ya pilipili nisikanyage huko. Nimsikilize nani? Tukimwangusha elki jioni, tumchune usiku ule ule au tumwache mpaka asubuhi? Dubu akinijia nifanyeje? Na hizi kengele za kufunga kwenye begi zinasaidia kweli?"

Jibu: Ndugu yangu, umeuliza maswali manne, na la nyama umelichomeka katikati kana kwamba ni dogo. Mimi nalileta mbele. Kwa mwindaji wa elki, yule kulungu mkubwa wa milima ya huko, saa mbaya kuliko zote huanza mnyama akishaanguka. Kabla ya hapo dubu akikugundua ana sababu nyingi za kukukwepa. Baada ya hapo umekaa juu ya chakula ambacho naye anakitaka, mikono yako ina damu hadi viwikoni, kichwa umekiinamisha kwenye mbavu za mnyama, na upinde umeuegesha kwenye mti. Kwa hiyo anayetaka usalama huanza kwa kupanga nyama: ataichuna saa ngapi, ataiweka wapi, atairudia vipi. Ukiwa na majibu hayo kabla hujaondoka nyumbani, ubishi wa bastola na spreyi unapungua uzito, ingawa nao nitaujibu.

Ujue kwanza unakokwenda. Pori la Bob Marshall limo katika ukanda wa milima unaoanzia hifadhi ya Glacier, na ukanda huo una dubu aina ya grizli wapatao 1,000. Kundi jingine la ukubwa kama huo liko kusini, kuizunguka hifadhi ya Yellowstone. Halafu wapo dubu weusi, ambao ni wengi zaidi na hawakosekani karibu msitu wowote wa magharibi mwa Montana. Jina lao lisikudanganye. Dubu mweusi anaweza kuwa wa kahawia, hata rangi ya mdalasini, na grizli akiwa kivulini anaweza kuonekana mweusi tii. Tazama umbo: grizli ana nundu ya misuli juu ya mabega, uso uliobonyea kati ya paji na pua, masikio mafupi ya mviringo, na kucha ndefu za miguu ya mbele ambazo kwenye matope huacha vitundu mbali kidogo na alama za vidole. Usitegemee dalili moja. Dubu mweusi akiinama kula, naye huonekana kama ana nundu.

Septemba nayo ina mambo yake. Dubu anajiandaa kuingia shimoni kulala miezi kadhaa bila kula chochote, kwa hiyo anakula karibu usiku na mchana, na grizli anaweza kumaliza kalori 20,000 kwa siku moja. Matunda ya mwituni yakikauka, na mbegu za misonobari zikiwa haba mwaka huo, matumbo ya elki yaliyoachwa chini ni karamu. Watafiti wa Yellowstone wameona grizli wakitoka ndani ya hifadhi, ambamo hakuna uwindaji, na kuvuka mpaka kuelekea nje msimu wa kuwinda unapofunguliwa. Wawindaji wa zamani husema mlio wa bunduki humwita dubu mezani. Kama ni mlio anaoufuata au ni harufu ya damu, kwako wewe mwenye kisu mkononi ni mamoja.

Sasa tazama jinsi mwindaji alivyo. Anayekwenda kutembea porini huambiwa apige kelele, aende na wenzake, atembee mchana kweupe, asiache njia. Wewe wa upinde unafanya kinyume cha hayo yote. Unanyata, unatoka alfajiri na magharibi, umeuweka upepo usoni ili usinuswe, umevaa nguo zinazokuficha, tena unapuliza filimbi inayoiga sauti ya elki jike. Dubu akiisikia ile sauti, anachosikia ni nyama. Siwezi kukwambia uwinde kwa kelele, maana hutapata kitu. Ninachokwambia ni kwamba ukimya uwe wa kuwindia tu. Mnapokwenda eneo la mawindo na mnaporudi, ongeeni kwa sauti ya kawaida, na mkifika kwenye vichaka vya mto ambako maji yanafunika nyayo zenu, pazeni sauti. Unapopuliza filimbi, usikae katikati ya kichaka usichokiona mwisho wake. Weka mgongo kwenye mti mnene au jiwe, uwe na uwazi wa kutosha mbele, na mwenzako atazame upande ambao wewe huutazami. Mwindaji akingoja elki atokee mbele, macho yake yote huishia mbele.

Turudi kwenye nyama. Septemba 2018, katika pori la Teton Wilderness huko Wyoming, kiongozi wa wawindaji na mteja wake walikwenda kumchukua elki aliyepigwa mshale siku iliyotangulia na kulala porini. Walipokuwa wanamchuna, dubu jike na mtoto wake aliyekwisha kuwa mkubwa wakawajia mbio. Bastola ilikuwa pamoja na mabegi, kando ya pale walipokuwa wakifanya kazi, na mteja alipoifikia hakufanikiwa kuitumia. Kiongozi alikuwa na spreyi kiunoni, lakini alipoipuliza shambulio lilikuwa limeshaanza. Aliuawa. Mteja alijeruhiwa, akanusurika. Mnyama aliyelala usiku na silaha iliyo mbali na mkono: ukisikiliza visa vya wawindaji na dubu, hayo mawili hayakosekani.

Kwa wewe wa upinde tatizo la mnyama kulala porini ni kubwa kuliko kwa mwenye bunduki. Mshale huua kwa kutoa damu. Elki akipigwa vizuri kabisa bado atakimbia, na desturi ya wawindaji ni kungoja nusu saa au zaidi kabla ya kumfuata ili asiendelee kukimbia. Ukimpiga vibaya utangoja saa nyingi. Weka hesabu hiyo juu ya jua la Septemba, ambalo huko huzama kama saa mbili kasoro za usiku, utaona kwamba mshale wa saa moja jioni ni mshale wa kesho. Ningekuwa mimi, nisingeachia mshale baada ya saa kumi na moja ila mnyama awe mahali peupe na wenzangu wawe karibu. Najua hapo nakunyima ile saa ya mwisho ambayo elki hutoka msituni kwenda kula. Kuna jioni utaniona mshauri mbaya.

Ukimwona ameanguka mbele ya macho yako na mko watatu au wanne, mchuneni usiku ule ule. Kila mtu taa kichwani, na mmoja kazi yake iwe kumulika msitu tu. Mtu huyo asishike kisu, asishike mguu, asije kusaidia "kidogo tu". Watu huona anapoteza nguvu kazi. Lakini yeye ndiye atakayewapa zile sekunde mbili au tatu za kuchomoa kopo la spreyi. Kama mko wawili, na elki kajeruhiwa kaingia kichakani gizani, mwacheni hadi asubuhi na mkubali kwamba huenda mkakuta ana mwenyewe. Kumfuata mnyama anayevuja damu kwenye kichaka cha usiku, katika nchi ya grizli, sikushauri hata kidogo.

Kuchuna kwenyewe kunataka haraka bila papara. Kama kaangukia kwenye miti midogo iliyosongamana, mburuteni kwanza hata hatua chache mpaka mpate uwazi, au mgeuzeni ili mchunaji aelekee upande wa msitu mnene. Wengi huko hawafungui tumbo kabisa. Wanachuna ubavu mmoja, wanatoa paja, mkono wa mbele na mnofu wa mgongo, wanamgeuza, wanafanya upande wa pili. Matumbo yanabaki ndani yalivyo, harufu inapungua, na saa nzima inaokolewa. Kila kipande kikitoka kinaingia mfuko wa nyama wa kitambaa na kuondolewa hapo. Spreyi inakaa mwilini mwako muda wote huo. Isiwe kwenye begi wala kwenye koti ulilolivua kwa sababu ya joto.

Elki dume aliyekomaa anafika kilo 300 hivi, kwa hiyo hamtamtoa kwa safari moja. Nyama inayobaki ipelekeni mita 140 au zaidi kutoka kwenye matumbo, muitundike mita 3 kutoka chini na mita 1.2 kutoka kwenye shina la mti, mahali mnapoweza kupaona kutoka mbali, kama mita 180. Kama hakuna mti wa maana, iwekeni juu ya gogo mahali peupe. Fungeni kitambaa cha rangi kali kwenye kamba. Wapo wanaoacha fulana yenye jasho juu ya mifuko ili dubu anuse mtu. Haina ubaya, ila usiiwekee imani.

Kurudi ndiko kunakotaka adabu. Usiende moja kwa moja kama mtu anayerudi kwake. Simama kule mbali, toa darubini, tazama kitambaa chako na hesabu mifuko. Tazama ndege: kunguru waliotua juu ya nyama wakinyofoa kwa raha zao ni habari njema, lakini kunguru walio kwenye matawi wakipiga kelele bila kushuka huenda wanamngoja mkubwa aliye chini. Safari hii upepo uwe mgongoni mwako, utangulie kumpelekea harufu yako, nawe uje ukiongea kwa sauti. Ukikuta nyama au mzoga umefunikwa udongo, majani na vijiti, au umeburutwa, dubu amekwisha kuumiliki na pengine amelala hatua chache pembeni akiulinda. Rudi ulikotoka, taratibu, macho yako huko huko, kisha uwaarifu maofisa wa wanyamapori wa jimbo. Elki huyo umempoteza. Inauma, hasa ukikumbuka gharama za leseni na siku ulizoomba ruhusa kazini, lakini wapo waliokatwa ngozi ya kichwa kwa kugombea paja.

Haya, bastola au spreyi. Watafiti wa dubu Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao walichapisha mwaka 2008 uchunguzi wa visa vya spreyi huko Alaska kati ya 1985 na 2006. Spreyi ilimfanya grizli aache alichokuwa akifanya kwa asilimia 92 ya visa, na asilimia 98 ya watu waliokuwa nayo hawakuumia. Mwaka 2012 wakachapisha uchunguzi mwingine wa visa 269 vya watu wenye silaha za moto, pia Alaska, na hawakuona tofauti ya maana ya kuumia kati ya aliyefyatua na ambaye hakufyatua. Watu wa spreyi huzitaja tafiti hizi kana kwamba zimemaliza ubishi. Mimi sizipi uzito wote huo, kwa sababu visa vyenyewe havifanani: katika vile vya spreyi walikuwamo dubu wengi waliokuja kwa udadisi tu au kufuata chakula, na katika vile vya bunduki walikuwamo wawindaji waliobanwa hasa.

Pamoja na hayo, bado nasema spreyi kwanza, na sababu yangu ni ya mikono. Grizli hukimbia kilomita 56 kwa saa. Akitokea hatua ishirini mbele yako huna hata sekunde mbili. Risasi ya bastola inatakiwa ipate ubongo au uti wa mgongo wa mnyama anayerukaruka huku mikono yako inatetemeka. Spreyi inatengeneza wingu, na wingu halihitaji shabaha kali. Lipo pia la mwenzako. Septemba 2011, karibu na mpaka wa Montana na Idaho, kijana mmoja alimpiga risasi dubu akidhani ni mweusi, kumbe grizli. Wakamfuata kichakani akiwa na jeraha. Dubu akamrukia mwenzake, kijana akafyatua risasi kumwokoa, na risasi mojawapo ikamwua rafiki yake. Spreyi ukimpulizia dubu aliyemlalia mwenzako, mwenzako atalia machozi na kukohoa, basi.

Rafiki yako wa bastola usimkatalie kabisa. Kama ana mazoezi ya kweli na anaivaa mwilini, aje nayo. Wewe ambaye hujawahi kupiga kitu kinachokimbilia kwako, nunua makopo mawili ya spreyi na ujifunze kuyatumia.

Kopo lenyewe liwe la dubu, siyo lile dogo la kujikinga na vibaka mjini. Tafuta lebo inayosema limesajiliwa na EPA, shirika la serikali ya Marekani la mazingira. Lina gramu 225 au zaidi, kapsaisini (ule ukali wa pilipili) na jamaa zake asilimia 1 hadi 2, linafika angalau mita 7.5 na linapuliza sekunde 6 au zaidi. Tarehe ya mwisho imeandikwa chini, kwa kawaida miaka kama minne, kwa sababu msukumo wa gesi hupungua. Usiliache kwenye gari lililofungwa juani, linaweza kupasuka. Usiku wa baridi lala nalo karibu na mwili, maana likiganda linapuliza kwa unyonge. Na usijipake wala kupulizia hema kama dawa ya mbu: masalia yake yakikaa huwavutia dubu badala ya kuwafukuza.

Mahali pa kulivaa ni kifuani au kiunoni, kwenye ala, upande ambao mkono usioshika upinde unafika bila kufikiri. Kwa anayetumia mkono wa kulia, upinde uko kushoto, basi kopo liwe la kulia au katikati ya kifua. Jaribu ukiwa umevaa begi lenye mzigo na mkanda wake umefungwa, kwa sababu hapo ndipo watu hugundua kwamba mkanda umelifunika. Nunua kopo la mazoezi lisilo na pilipili, usimame uani, ufanye hivi mpaka mkono uzoee: chomoa, kidole gumba kirudishe nyuma kizuizi cha usalama, mkono wa pili ushike kopo lisirushwe na msukumo, elekeza chini kidogo mbele ya dubu, bonyeza sekunde mbili, acha, tazama. Unataka akutane na wingu akiwa kati ya mita 18 na 9. Akipenya, mpulizie usoni. Upepo ukiwa mbaya utakula pilipili yako mwenyewe, na bado ni afadhali kuliko kutopuliza. Katika ule uchunguzi wa Alaska upepo ulisumbua visa vichache, lakini spreyi ilimfikia dubu.

Ukimwona yeye hajakuona, ondoka kimya ulikotoka. Akikuona, simama, ongea kwa sauti ya chini, toa kopo, rudi nyuma pole pole kwa mshazari. Usikimbie kwa vyovyote. Akikoroma, akigonganisha meno, akipiga ardhi kwa mguu, ana wasiwasi na anakwambia uko karibu mno. Mara nyingi atakuja mbio kisha asimame ghafla au apite pembeni. Huo ni mkwara, ila huwezi kujua ni mkwara mpaka aishe kuuchimba, kwa hiyo akifika umbali wa wingu puliza.

Akikufikia mwilini, kinachoamua ni kwa nini amekuja. Grizli uliyemshtua, mwenye watoto au mwenye mzoga, anataka uache kuwa tishio. Lala kifudifudi, begi libaki mgongoni, vidole vifumbate nyuma ya shingo, miguu uitanue asikugeuze kirahisi. Nyamaza. Akiondoka, endelea kulala muda mrefu kuliko unavyotamani, kwa sababu akiwa karibu akaona unainuka hurudi. Dubu mweusi akikushika, pigana, umlenge pua na macho, kwa jiwe, kisu, ngumi. Na dubu yeyote, wa aina yoyote, aliyekunyemelea kwa muda akikufuata, au anayeingia hemani usiku, huyo anakutafuta kama chakula. Kwake usijifanye umekufa, pigana kwa kila ulicho nacho. Hilo la hema si hadithi. Julai 2021, katika kijiji cha Ovando, kusini tu mwa huko unakokwenda, grizli alimvuta msafiri wa baiskeli kutoka kwenye hema lake usiku na kumwua.

Kambi nitaipitia haraka, maana wenzako wanaonekana wazoefu. Mahali pa kulala, pa kupikia na pa kuhifadhia chakula paachane mita 90 au zaidi, na nyama isikae karibu na hema lolote. Dawa ya meno, sabuni na chakula cha farasi vinahesabiwa kama chakula. Nguo ulizochunia zisiingie hemani. Misitu mingi ya huko ina amri ya kuhifadhi chakula na mizoga hadi Desemba mosi, na kuivunja ni faini. Uzio mdogo wa umeme wa betri, wa kubebeka, unafaa sana kuzungushia nyama kama mna farasi wa kuubeba. Chukua pia kifaa cha setilaiti cha kuitia msaada na mkanda wa kukazia jeraha linalovuja damu, na vyote viwili uvivae, kwa sababu begi linaweza kubaki kwa dubu.

Upande wa sheria, grizli wamelindwa na serikali kuu tangu 1975 katika majimbo yote 48 ya bara, yaani bila Alaska na Hawaii. Kumwua kunaruhusiwa tu kwa kutetea maisha, na ni lazima utoe taarifa bila kukawia. Wachunguzi watafika, watapima umbali, watatafuta maganda ya risasi. Kugombea nyama hakuhesabiwi kuwa kutetea maisha. Kama mna mpango wa kuongeza leseni ya dubu mweusi, Montana inamtaka kila mnunuzi afaulu kwanza jaribio la kutofautisha dubu hao wawili. Lifanye hata kama humwindi dubu. Ni la bure na linakaa kichwani.

Kengele? Mlio wake ni mdogo, unamezwa na upepo na maji, na dubu hana sababu ya kuuhusisha na binadamu. Mnapobeba mapaja kushuka mtoni, mmepinda migongo na hamuoni zaidi ya hatua tano mbele, aliye mbele na apige makofi na kuita kwa nguvu kila mnapokaribia kona, aliye nyuma aitikie.